Samori Touré: Jemadari wa Karakana na Shamba

Katika shule za sekondari za Kenya na Tanzania, jina la Samori Touré hufundishwa kama swali la mtihani. Mwanafunzi huulizwa ni sababu zipi zilizomwezesha mtawala huyo wa Wamandinka kupambana na Wafaransa kwa muda mrefu kuliko wengi wa wenzake wa Afrika Magharibi, naye hujibu kwa hoja zilizopangwa vizuri: alikuwa na jeshi kubwa, alikuwa na bunduki za kisasa, alimiliki machimbo ya dhahabu, na aliteketeza mashamba kila alipokuwa akirudi nyuma. Nimezisahihisha hoja hizo kwa miaka mingi, na hakuna hata moja iliyo ya uongo. Kinachonisumbua ni kwamba zikiachwa hivyo hazimwonyeshi mtu mwenyewe, wala haziwaonyeshi waliolima, waliofua vyuma, waliobeba mizigo na waliouzwa ili vita vile viendelee tangu mwaka 1882 hadi mwaka 1898. Nimefikia kuamini kwamba ushujaa wa Samori, ambao haukuwa mdogo, ndio sehemu isiyoeleza mengi katika habari zake. Nguvu yake ilikuwa katika utaratibu, yaani namna alivyoyapanga maisha ya watu wake ili vita viwe na chakula na risasi, na ni utaratibu uo huo uliokuja kuwala watu hao.

Alizaliwa karibu mwaka 1830 katika kijiji cha Manyambaladugu, kusini-mashariki mwa nchi inayoitwa leo Guinea. Ukoo wa Touré ulitokana na Wadyula, wafanyabiashara Waislamu waliotapakaa Afrika Magharibi, lakini kufikia kizazi cha baba yake ulikuwa umekwisha kuchanganyika na wenyeji, ukilima, ukifuga na kushiriki matambiko ya mababu. Kijana Samori aliliacha jembe akashika njia ya biashara. Naamini kwamba kazi hiyo ilimjenga kuliko vita vyovyote alivyopigana baadaye, kwa sababu mchuuzi wa masafa marefu hujua njia zipi hupitika wakati wa mvua, nani anauza baruti, farasi hupatikana wapi na kwa bei gani, na mtawala yupi hutimiza ahadi zake. Majemadari wengi huyajua mambo hayo kwa kuletewa habari na watu wengine; yeye aliyajua kwa miguu yake.

Kilichomwingiza katika uaskari hakikuwa tamaa ya utawala. Karibu na katikati ya karne ile, jeshi la ukoo wa Cissé, watawala wa Moriuledugu, lilikivamia kijiji chao na kumteka mama yake, mwanamke wa ukoo wa Camara. Samori hakuwa na mali ya kumkomboa. Alikwenda mwenyewe kwa watekaji na kujitoa kuwa askari wao, ili utumishi wake uwe fidia ya mama yake. Wasimulizi wa Kimandinka husema kwamba alitumika miaka saba, miezi saba na siku saba. Hesabu hiyo ni ya masimulizi kuliko ya kalenda, lakini jambo lenyewe halina shaka: kwa miaka kadhaa kijana huyu aliwapigania watu waliomfanya mama yake mateka, na humo ndimo alimojifunza kutumia bunduki, kuongoza kikosi na kuusoma Uislamu uliokuwa dini ya mabwana zake. Alipomchukua mama yake na kuondoka, akawatumikia kwa muda mfupi Waberete, waliokuwa mahasimu wa Wacissé, kisha akarudi kwa wajomba zake wa ukoo wa Camara. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 hao ndio waliomkubali kuwa kiongozi wao wa vita, naye akaapa kuwalinda dhidi ya pande zote mbili alizokuwa amezitumikia.

Kutoka hapo alipanda kwa kasi ambayo sitaifuata vita kwa vita. Katika miaka ya 1870 aliufanya mji wa Bissandugu kuwa makao yake, akatwaa eneo la Buré lenye dhahabu, akafanya mapatano na wanazuoni na wafanyabiashara wa Kankan, na kufikia mwaka 1881 alikuwa amewashinda Wacissé wenyewe. Mwaka 1884 alijitangaza Almamy, yaani imamu na kiongozi wa waumini, akataka raia wote waufuate Uislamu. Hatua hiyo ilimgombanisha hata na baba yake mzazi, aliyekuwa bado anashikilia matambiko, na ilizua chuki vijijini ambayo aliilipia baada ya miaka minne tu.

Jeshi lake lilikuwa na askari wa kudumu, walioitwa sofa, wengi wao wakiwa mateka waliochukuliwa wakiwa vijana na kulelewa katika silaha. Nyuma yao walikuwapo askari wa akiba kutoka vijijini. Wakati wa amani hao walizigawa siku zao kati ya mafunzo na kilimo, hivi kwamba nchi haikukosa walinzi wala mashamba hayakukosa mikono. Kila kijiji kililima shamba moja kwa ajili ya Almamy, na mavuno yake yakaingia kwenye maghala ya jeshi. Kwa mpango huo, kufikia mwaka 1887 aliweza kuwa na askari wa miguu wapatao 30,000 na wapanda farasi kama 3,000, idadi ambayo hakuna mtawala anayeweza kuilisha kwa kupora tu. Jeshi linalopora hula leo na kesho likahama, nalo haliwezi kurudi mahali lilipopita. Samori aliweza kurudi, msimu baada ya msimu, kwa sababu alikuta nafaka.

Silaha ndiyo sehemu inayonivutia zaidi. Alianza na magobore kama watawala wote wa zama zake, lakini mara tu alipokutana na bunduki za kupakia nyuma alielewa kwamba gobore limepitwa na wakati. Alinunua bunduki mpya kupitia wafanyabiashara wa Freetown, akilipa kwa dhahabu na pembe za ndovu. Alinunua Gras, na baadaye Kropatschek, bunduki inayobeba risasi kadhaa kwa pamoja ndani ya mrija ulio chini ya mtutu. Kisha akafanya jambo ambalo wanunuzi wengine hawakulifanya kwa kiwango hicho: aliwakusanya wahunzi, wanaokadiriwa kuwa kati ya 300 na 400, akawatenga katika vijiji vyao wasifanye kazi nyingine ila kutengeneza silaha. Inasimuliwa kwamba mmoja wa watu wake alitumwa kufanya kazi katika karakana ya jeshi la Kifaransa huko Saint-Louis, Senegal, ili aone kwa macho yake namna bunduki inavyofunguliwa na kuunganishwa, kisha arudi kuwafundisha wenzake.

Naomba msomaji aitazame kazi hiyo kwa karibu. Bunduki ya kurudia ina vipande vingi vidogo, na kila kimoja lazima kioane na mwenzake, maana bolti ikilegea hata kidogo moshi na moto humrudia mpigaji usoni. Wahunzi wa Samori hawakuwa na mashine za kukereza chuma. Walikuwa na mivukuto ya ngozi, makaa, nyundo, tupa na macho yao. Kwa vyombo hivyo walitoa nakala za Kropatschek zilizofyatua risasi vitani, na maofisa wa Kifaransa walioziteka walistaajabu. Baada ya mapigano maganda ya risasi yaliokotwa na kurudishwa karakana, yakasafishwa, yakawekewa fataki mpya, baruti na kipande cha risasi. Baruti ya kienyeji haikuwa na nguvu sawa na ile ya viwandani, kwa hiyo risasi zao hazikufika mbali kama za adui, lakini jeshi halikusimama kwa kukosa cha kufyatua. Ninaposoma mwanafunzi akiandika kwa kifupi kwamba Samori alikuwa na bunduki za kisasa, huona ni kana kwamba mikono ya wahunzi wale imefutwa kwa mstari mmoja.

Mapambano ya kwanza na Wafaransa yalitokea karibu na Keniera mwezi wa Februari 1882, baada ya Samori kukataa agizo lao la kuacha kuuzingira mji huo. Mwaka uliofuata mdogo wake, Kémé Bréma, alikabiliana na jeshi la Kanali Borgnis-Desbordes kando ya kijito cha Woyowayanko, karibu na Bamako, na katika siku ya kwanza aliwarudisha Wafaransa nyuma. Samori alitoka katika vita hivyo na funzo ambalo wengi hawakulipata mapema: kwamba anaweza kuwaumiza Wafaransa, lakini hawezi kuwashinda uwanjani watu wenye mizinga. Kwa hiyo akageukia mazungumzo. Alijaribu kuwavuta Waingereza wa Sierra Leone wamkubali chini ya ulinzi wao ili Wafaransa wasimguse. Alitia sahihi mkataba na Wafaransa mwaka 1886, na mwingine huko Bissandugu mwaka 1887, akakubali mto Niger uwe mpaka. Wapo wanaouona mkataba huo kama udhaifu. Mimi nauona kama ununuzi wa muda, na muda ndio uliokuwa bidhaa adimu kuliko zote.

Katika mazungumzo ya mwaka 1886 mwanawe Karamoko alipelekwa Ufaransa. Huko alipokewa kwa heshima, akatembezwa, akaonyeshwa majeshi na silaha kwa makusudi kabisa ili akirudi amwambie baba yake kwamba vita havina maana. Na ndivyo alivyosema aliporudi. Miaka ilivyokwenda, maneno yake yakaanza kuonekana kama usaliti, na mwaka 1894, akituhumiwa kuwasiliana na adui, baba yake aliamuru afungiwe ndani na kunyimwa chakula hadi afe. Kijana huyo alikuwa ameona kilicho kweli, maana nguvu za Ufaransa zilikuwa kubwa kama alivyozieleza. Nimejaribu kumwelewa Samori katika hukumu hiyo kwa kuzingatia hali ya vita na hofu ya mgawanyiko katika nyumba ya mtawala, lakini mtu aliyeutoa ujana wake ili kumkomboa mama, kisha akamuua mwana kwa njaa, sijui tumpime kwa mizani gani.

Kosa lake kubwa zaidi la kijeshi, hata hivyo, lilikuwa Sikasso. Baada ya kupata utulivu upande wa Wafaransa, mwezi wa Aprili 1887 alilielekeza jeshi lake mashariki dhidi ya Tieba Traoré, mfalme wa Kénédougou. Tieba alikuwa ameuzungushia mji wake wa Sikasso ukuta mnene wa udongo, na Samori, ambaye hakuwa na mizinga ya kuubomoa, aliuzingira kwa kujenga vituo pande zake akitumaini njaa itafanya kazi yake. Njaa iliwageukia wazingiraji. Masika yaliharibu njia, chakula kikawa kinabebwa vichwani kutoka vijiji vya mbali vya magharibi, na wapagazi wengi walikufa njiani. Msafiri Mfaransa Binger, aliyepita huko mwaka 1887, alikuta njia zenye maiti na watu waliokonda. Farasi walikwisha. Kémé Bréma, jemadari bora kuliko wote aliokuwa nao, aliuawa, na ndugu mwingine, Manigbé Mori, pia hakurudi.

Mwaka 1888 uvumi ulienea kwamba Almamy amekufa huko Sikasso, na nchi ikalipuka. Vijiji vilivyochoshwa na ushuru wa nafaka, na kuondolewa vijana, na kulazimishwa dini, viliwaua wawakilishi wake mahali pengi, na Samori alilazimika kuuacha mzingiro mwezi wa Agosti ili kwenda kuuzima uasi huo kwa ukatili. Baadaye aliacha kulazimisha Uislamu, jambo linaloonyesha kwamba aliielewa sababu mojawapo. Lakini dhahabu, farasi na majemadari vilikwisha kupotea mbele ya ukuta wa Mwafrika mwenzake. Tieba naye alisogea upande wa Wafaransa. Miaka kumi baadaye, Mei 1898, Wafaransa waliipiga Sikasso kwa mizinga na kuiteka katika utawala wa Babemba, mdogo wa Tieba, aliyekuwa amegeuka kuwa adui yao.

Wafaransa waliiteka Kankan mwezi wa Aprili 1891, na Januari 1892 wakaingia Bissandugu. Kuanzia hapo Samori alivibadili vita vyake kabisa. Aliacha kuwakabili kwa wingi wa watu, akaligawa jeshi katika sehemu tatu. Ya kwanza, yenye bunduki bora, ilimchelewesha adui kwa kuvizia kwenye vivuko vya mito na vichaka. Ya pili iliwahamisha raia pamoja na mifugo na chakula chao, ikichoma kila kilichobaki. Ya tatu ilitangulia mashariki kuteka nchi mpya ya kuhamia. Kwa njia hiyo aliiondoa dola nzima mahali pake, akaipeleka mamia ya kilomita hadi kaskazini mwa Ivory Coast ya leo, na Dabakala ikawa makao mapya. Jeshi la Kifaransa liliingia katika nchi tupu, halikukuta nafaka wala watu wa kulibebea mizigo. Kama mpango wa kivita, sioni cha kuulinganisha nao katika Afrika ya karne ile.

Lakini niulize swali ambalo mtihani hauliulizi: nchi mpya ilikuwa ya nani? Ilikuwa na wenyewe, watu ambao hawakuwa na ugomvi na Samori wala Wafaransa, na ambao sasa walilazimika kubeba mzigo wa vita visivyowahusu. Isitoshe, njia ya Freetown ilikuwa imefungwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwazuia Waafrika kuuziwa silaha za kisasa, na mwaka 1893 Wafaransa walimtenga kabisa na Sierra Leone. Dhahabu ya Buré nayo ilikuwa imekwenda. Alichobaki nacho cha kununulia farasi na bunduki ni watu. Mateka wa vita vya mashariki waliuzwa kwa wingi, na kila farasi mpya aliyeingia jeshini alikuwa na gharama ya familia zilizotawanywa. Mtu ambaye maisha yake ya vita yalianza kwa sababu mama yake alichukuliwa mateka aliendesha vita vyake vya mwisho kwa kuuza mama za watu wengine.

Mwaka 1898 ulipofika hakuwa tena na mahali pa mashariki pa kuhamia, kwa sababu Waingereza walikuwa upande wa Gold Coast na Wafaransa wamekwisha kuishika Sikasso. Aligeuka magharibi kuelekea milima na misitu ya mpakani mwa Liberia, akiwa na msafara mkubwa wa askari, wanawake, watoto na mateka. Ulikuwa msimu wa mvua, katika nchi isiyo na nafaka ya kuutosha umati ule, na watu walikufa kwa njaa na maradhi kwa maelfu. Utaratibu wa shamba na ghala, ulioliweka jeshi lake hai kwa miaka yote ile, ulikuwa haupo tena, na bila huo bunduki hazikumsaidia. Alfajiri ya tarehe 29 Septemba 1898, kikosi kidogo cha Kapteni Gouraud kiliingia kambini Guélémou bila kufyatua risasi. Samori alikuwa ameketi nje akisoma Kurani. Alijaribu kukimbia, akakamatwa. Wengi wa askari waliomkamata walikuwa Waafrika, wale waliotumika katika jeshi la Kifaransa. Huku kwetu, Mtwa Mkwawa alikuwa amejiua tarehe 19 Julai ya mwaka huo huo ili asishikwe na Wajerumani. Viongozi hao hawakupata kusikiana, lakini walifikishwa mwisho wao katika muda wa miezi mitatu, wote wawili baada ya kukatiwa chakula.

Gouraud alipanda cheo kwa kazi ya siku hiyo, akaja kuwa jenerali, akapoteza mkono Gallipoli mwaka 1915, na kisha akaitawala Syria kwa niaba ya Ufaransa. Samori alipelekwa Saint-Louis, ambako alijaribu kujiua, na kutoka hapo hadi Gabon, nchi ya misitu na unyevu ambayo Wafaransa walipenda kuwapelekea wafungwa wao wa aina hiyo. Sheikh Amadou Bamba wa Senegal alikuwa huko tangu mwaka 1895. Almamy alifariki kwa ugonjwa wa mapafu huko Ndjolé, kando ya mto Ogooué, tarehe 2 Juni 1900.

Guinea ilipoukataa kwa kura mpango wa Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Ufaransa, wa kuyaweka makoloni katika jumuiya moja na Ufaransa, tarehe 28 Septemba 1958, kiongozi wake alikuwa Sékou Touré, aliyejitambulisha kuwa kitukuu cha Samori, na serikali yake ikayarudisha mabaki ya Almamy nyumbani mwaka 1968. Leo yamo katika kaburi la heshima mjini Conakry. Sina pingamizi na heshima hiyo. Ninachopinga ni kauli, ambayo nimeisikia hata kwa walimu wenzangu, kwamba yaliyotendeka Kong yalikuwa ya lazima kwa sababu vita ni vita. Kong ulikuwa mji wa misikiti, wanazuoni na wafumaji, na mwaka 1895 uliukubali utawala wa Samori. Miaka miwili baadaye, akiwashuku wakazi wake kuwa wanaelewana na Wafaransa, aliuteketeza na kuwaua wengi, wakiwamo watu wa elimu ya dini ileile aliyotawala kwa jina lake. Haukuwa na mizinga wala haukuwa njiani mwa jeshi lililokuwa likimkimbiza siku hiyo. Baadhi ya walioponea walikimbilia hadi Bobo-Dioulasso, msikiti ukajengwa upya katika karne iliyofuata, na wazao wa watu hao wana haki kamili ya kutolifurahia jina ambalo Conakry inalienzi.